Ufunguo wa Garimoshi la Bati

Fundi wa saa wa Majengo hajawahi kupanda garimoshi, na Meru yetu reli haijafika, lakini alilifufua garimoshi la bati la watoto aliloliokota kwenye vyuma chakavu, akalichongea ufunguo wa kulijaza ili litembee. Vidole vyake vilinuka mafuta hata Jumapili. Alimbembeleza kila mteja: "Hili lilitoka nyumba gani?" Mimi, bibi jirani yake, nikamwonya, "Fundi, ukifuata sana nyayo za ng'ombe wa watu, utafika kwa mwenyewe." Akacheka. "Cucu, mimi nataka kujua tu." Habari zikapanda hadi mashamba ya Timau huko juu, akashuka mama mzungu. "Lilikuwa la kaka yangu." Akashukuru, akalibeba, asikumbuke kuomba ufunguo wake. Tangu hapo fundi huuzungusha hewani kila jioni, na kule Timau, naapa, garimoshi halijasogea hata kidole.