Dizeli ya Mnara wa Mwese

Kila masika huwa nawasha kompyuta shingo upande. Kazi yangu katika kampuni ya simu, hapa Mpanda, ni kulinganisha bajeti na matumizi halisi, kisha kuwaeleza makao makuu kwa nini pesa imezidi.

Mwaka ule dizeli ya jenereta ya mnara wa Mwese ilizidi karibu mara mbili. Makao makuu walitaka maelezo kabla ya saa nne asubuhi. Nilimpigia fundi wa mnara mara tatu, hapatikani. Saa nne kasoro dakika tano niliandika kwamba huenda fundi anaiba mafuta, achunguzwe. Nikatuma.

Mchana akapiga mwenyewe, anahema.

"Dada, samahani, mnara ulizimika. Gari halipandi huku tangu mvua zianze, madumu tunabeba kichwani. Sasa nyie fomu yenu haina sehemu ya kulipa wabebaji, kwa hiyo huwa nawaandika kama lita za dizeli. Mafundi wote wa milimani tunafanya hivyo."

Nilifungua bajeti ya mwaka uliotangulia. Sehemu ya wabebaji ilikuwepo. Niliifuta mimi kwenye bajeti mpya, mwezi wa saba, barabara ikiwa kavu, nikitafuta sifa za kubana matumizi.

"Dada, upo?" akauliza. "Tumeshauwasha sasa hivi. Nilitaka kujua tu kama unanisikia vizuri."

Nilikuwa namsikia vizuri sana.