Timu Iliyoshinda Peke Yake

Mwanangu, kuna siku moja siisahau, na leo naikumbuka kwa hasira, maana nasikia nyie walimu wa michezo vijana mnajisifu kwamba shule yenu imewafunga wenzenu kumi na moja bila.

Nilikuwa kijana kama wewe, nafundisha michezo kwenye shule moja ya binafsi hapa Mpanda. Mwenye shule alitaka kombe la ligi ya shule za binafsi, kwa sababu kombe huvuta wazazi. Mimi nilitaka sifa. Nikapanda pikipiki hadi Mwese, kwenye sekondari ndogo iliyojengwa na waumini. Walikuwa na mshambuliaji, Masanja, kijana wa wafugaji, akipiga kwa kushoto kipa anaokota mpira wavuni tu. Nikamwahidi baba yake kwamba kwetu atasoma bure. Mwezi uliofuata nikawachukulia na kipa na beki. Wazuri wa shule ya Ilembo nao nikawazoa.

Lakini washambuliaji nilikuwa nao tayari. Masanja alikaa benchi msimu mzima. Nakiri, mwanangu: sikumchukua ili acheze, nilimchukua ili Mwese wasiwe naye.

Siku tulipokutana na Mwese uwanjani Kashaulili, walishuka kwenye lori wamejaa vumbi, wako kumi tu, na golini wamemsimamisha winga. Mpaka mapumziko tulikuwa tumefunga saba, watazamaji wakaanza kuondoka kwenda sokoni. Mimi nacheka. Ndipo kocha wao, Mwalimu Patrisi, mzee aliyekwisha kustaafu serikalini, akanifuata taratibu. Akamtazama Masanja pale benchi, ameinamisha kichwa asionane macho na wenzake wa zamani, kisha akaniambia:

"Mwalimu, mpira unataka timu mbili. Ya pili umeifungia kwenye benchi lako."

Aibu niliiona, ila haikunizuia kubeba kombe.

Mwaka uliofuata Mwese hawakuja, Ilembo wakajitoa, ligi ikabaki na shule tatu. Vijana wangu, waliozoea kufunga bila kusukumwa, walikwenda kucheza mkoa wa jirani wakapigwa tano. Bao la pili lilipoingia tu, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Masanja naye akarudi kwao. Alipokuja kuniaga alisema kwa heshima, "Mimi mpira basi, mwalimu." Neno hilo linaniuma kuliko mabao yote matano.

Sasa nyie mnarudia yale yale, tena mnayaita usajili! Watoto wa shule mnawachagua kama ng'ombe wa mnadani, na waliokwisha kumaliza kidato cha nne mnawavalisha sare upya. Halafu mnashangaa uwanja mtupu.

Sikiliza, mwanangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Walee wachezaji ulionao, hata wale wazito. Kaeni walimu wa shule zote mkubaliane kwamba mwanafunzi akihama hachezi ligi msimu huo, na wewe uwe wa kwanza kutii, mwenye shule anune asinune. Ukimdhoofisha mpinzani wako, umewadhoofisha wanao.

Mungu akupe wapinzani wenye nguvu, na siku wakikufunga, akupe moyo wa kuwapa mkono.