Mbuzi Nyuma ya Mkuu wa Nidhamu

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Butembo, na kama kawaida yangu sikuiamini. Mtu yule alikwisha kufa mara nyingi midomoni mwa wanafunzi wake. Safari hii ilikuwa kweli, na juzi tumemzika baada ya misa iliyojaza kanisa mpaka nje. Wasomaji wangu wa siku zote wananijua: sifa za msibani huwa nazitia shaka, na siku hiyo zilimiminwa bila kipimo. Mzazi wa vijana, nguzo ya shule, mtu wa haki. Nilisikiliza nikijiuliza ni nani hasa tunayemzika. Niliyemfahamu mimi wakati wa vita alikuwa mkuu wa nidhamu wa sekondari moja hapa mjini, DD kama watoto wanavyowaita wote wa kazi ile, na vijana walikuwa wakivuka barabara wakimwona anakuja. Pembeni yangu mwalimu mmoja kijana alininong'oneza kwamba watoto wa leo wameharibika kwa sababu watu kama huyu wamekwisha. Siku hizi ukimgusa mwanafunzi, kesho mzazi wake yuko mlangoni na mwanasheria. Padri aliinua hostia, kanisa zima likapiga magoti, na katika safu ya mbele mtu mmoja akabaki amesimama wima. Alikuwa binti wa marehemu.

Nilikuwa jirani wa DD miaka ile, na Jumapili baada ya misa tulikunywa chai pamoja. Alikuwa mpole nyumbani, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. Shuleni hakutumia fimbo. Alisema fimbo ni hasira ya mkubwa, na yeye hakutaka kuadhibu kwa hasira. Adhabu yake ilikuwa kutambaa: mwanafunzi aliyekosa alikwenda kwa magoti na viwiko juu ya changarawe, kutoka langoni mpaka kwenye mlingoti wa bendera, kila asubuhi, mpaka DD atakapoona inatosha. Wazazi wengi walimshukuru. Kila baba mjini aliogopa mwanawe asije akaamka siku moja akaenda porini kushika bunduki, na mtu aliyeahidi kuwabana vijana alionekana mkombozi. Mimi nilijiuliza kwa nini mtu asiye na hasira anahitaji changarawe nyingi kiasi kile, lakini mimi sikuwa na mtoto shuleni, na asiye na mtoto shuleni hasikilizwi.

Sasa, wakati huo askari waliotutawala (usiniulize wa kundi gani, majina yao yalibadilika kuliko mashati yetu) waliweka kizuizi pale mji unapoishia, kwenye barabara ya Beni. Vijana waliteremshwa kwenye magari na kuamriwa kukunja suruali na mikono ya mashati. Mwenye vidonda magotini na viwikoni alihesabiwa kuwa amejifunza vita porini, maana huko ndiko watu hutambaa. Aliyechukuliwa kwa kosa hilo mara nyingi hakuonekana tena. Mama zetu walijua haya yote, wakawa wanawapaka watoto mafuta ya mawese ili ngozi ipone haraka. DD naye alijua, kwani nani hakujua. Ama hakuunganisha mambo mawili yaliyokuwa mbele ya macho yake, au aliyaunganisha akanyamaza. Mpaka leo sijui ni lipi.

Jumamosi moja tulikuwa barazani kwake. Akaingia mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge, mikono ingali na magamba. Alikuwa amemtuma mwanawe wa kiume kupeleka samaki Beni, na askari walikuwa wamemshusha kwenye kizuizi kwa sababu ya magoti yake. Hakulia wala hakukaa. Alisema maneno machache tu: "DD, ile magoti ni ya kwako. Twende ukaseme." DD alivaa koti na tai, akaniomba nifuatane naye kwa kuwa Lingala, lugha ya askari, ninaijua vizuri, na tukaenda kwa miguu, yule mama akiwa mbele yetu.

Kijana alikuwa ameketishwa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba. Lingala yangu haikuhitajika sana, maana komanda wa kizuizi alijua Kiswahili. DD alimweleza kwa utaratibu kwamba huyu ni mwanafunzi wake, kwamba hakutoka porini, na vidonda vile ni adhabu ya shule. Komanda aliuliza kosa. Hapo kwa mara ya kwanza nilimwona jirani yangu akitafuta maneno.

"Alicheka," alisema.

"Alicheka nini?"

"Alicheka tu. Mu lever de drapeau, bendera ikipanda."

Komanda alitikisa kichwa. "Ozokosa ngai, mwalimu. Unanidanganya. Batu banasema mimi ni nyama ya pori, mais hata mimi siwezi kuharibu magoti ya mutoto juu ya kucheka. Sema kweli yako, ama unafichia hawa ba pori."

Jirani yangu alikuwa amesema ukweli mtupu, na ukweli wenyewe haukuaminika kwa sababu ulikuwa mkali mno kuwa kweli. Mama muuza samaki aliinamisha kichwa. DD aliniambia nibaki na yule mama, akageuka kurudi mjini bila kusema anakwenda kuchukua nini. Nikafikiri ametukimbia, na nakiri nilimshuku hivyo mpaka nilipomwona anapanda tena barabara na binti yake. Msichana huyo alikuwa akisoma shule ileile, na alikuwa ameadhibiwa pamoja na yule kijana, asubuhi ileile. Kumleta msichana mbele ya askari wale lilikuwa jambo ambalo hakuna baba wa Butembo angelifanya. Wengine leo wanaliita ujasiri. Mimi nashuku lilikuwa pia kiburi cha mtu asiyevumilia kuitwa mwongo.

DD alimwamuru aonyeshe magoti. Msichana aliinua ukingo wa sketi ya shule, si zaidi ya ilivyohitajika. Vidonda vilikuwa vilevile. Komanda aliinama akavitazama, kisha akamuuliza yeye mwenyewe, si baba yake, amekosa nini.

"Nilicheka na yeye," alisema.

"Mulicheka nini?"

Msichana alimtazama baba yake kidogo, kisha akamrudia komanda. "Mbuzi. Iliingia mu shule tukiimba, ikasimama wima nyuma ya papa, garde-à-vous, ndevu juu, sawa na yeye."

Askari aliyeshika kamba ya kizuizi alicheka kwanza. Mwingine akafuata, halafu komanda mwenyewe akacheka mpaka akajishika kiuno. Nami nilicheka, ningefanyaje. DD hakucheka, wala binti yake. "Mufungule huyu," komanda alisema. "Mbuzi kama ile, mutu hawezi kuitunga." Kisha akamgeukia DD na kumuuliza kama yeye hakuiona. DD alijibu kwa sauti ya chini, "Mu wimbo wa taifa, mimi hapana geukaka." Mama muuza samaki alimshika mwanawe mkono wakaondoka mbio bila kumshukuru mtu yeyote, na sikuona ni nani hasa aliyestahili shukrani hiyo.

Baada ya siku ile hapakuwa na kutambaa tena. Waliokosa walichota maji na kufyeka majani chini ya mikaratusi. Katika mkutano wa wazazi, mfanyabiashara mmoja mwenye malori alisimama akasema DD ameogopa askari na sasa watoto ndio watakaotutawala, na wengi walipiga makofi. Baadhi ya watu husema alitubu. Mimi sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, na nilikunywa chai yake miaka mingi. Yule kijana hakumaliza shule. Alikwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu, na ndiyo habari ya mwisho niliyopata. Msibani nilisikia bwana mmoja akisema kijana yule alipotea kwa sababu adhabu zililegea, na mwingine akisema ni ile changarawe iliyompoteza. Wote wawili walisema kwa uhakika sana, na nashuku hakuna hata mmoja aliyewahi kuzungumza naye.

Jioni niliketi karibu na binti wa marehemu, ambaye sasa ni mama wa watoto wakubwa huko Beni. Nilitaka kumuuliza habari za kanisani, kama ni magoti yaliyokataa kukunjika au ni yeye. Sikuuliza, magoti ni yake. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema kwamba tangu siku ya kizuizi baba yake hakuligusa jambo lile nyumbani, mpaka juma lililopita hospitalini, alipomwomba asogee karibu. "Aliniuliza kama ile mbuzi ilikuwa ya kweli," alisema. "Alizania niliitunga juu ya kumuokoa mwenzangu."

Shule nzima ilikuwa imemwona mbuzi yule. Angeweza kumuuliza mwalimu yeyote, mpishi, au mwanafunzi mdogo wa mwaka wa kwanza, na miaka yote hii hakumuuliza mtu. Nilimuuliza binti alimjibu nini.

"Nilimwambia: papa, ungegeuka tu."

Sasa mkinijia, kama mnavyonijia kila juma, kuniuliza kama tunawaonea vijana wetu au tunawadekeza, sitawajibu kabla hamjanijibu ninyi: siku ile mtoto alipocheka, mligeuka?