Unene wa Miwani ya Baba

Lenzi ikitoka kwenye mashine, ukingo wake hukata kama kigae cha chupa. Kazi yangu, hapa mjini Kakamega, ni kuutoa huo ukali usije ukamchana mtu shavu, kisha kuficha unene na kuung'arisha ukingo ili miwani ipendeze. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayonipa kiburi.

Baba yangu haoni mbali, na lenzi zake zilikuwa nene mno. Ukimtazama kwa pembeni ungedhani amebandika vitako vya gilasi usoni. Nikamtengenezea nyingine, nikazilaza kingo unene usionekane, nikazisugua hadi zikameta, nikampelekea nyumbani Musanda nikijiona mwana bora kuliko ndugu zangu wote.

Haukupita muda akaja dukani, amenuna.

"Umeniharibia," akasema.

Kijijini kwetu, baba ndiye husoma wasifu wa marehemu. Huinuka, huvua miwani polepole, huishika juu kidogo, na watu wakishauona ule unene hunyamaza. Kisha husoma bila miwani, maana karatasi ya karibu anaiona vizuri kunishinda. Miwani ni ya waombolezaji.

"Juzi nimetoa hii yako, hakuna mtu amenyamaza. Mwenye kuongoza programu akaniambia, 'Mzee, kaa tu, tutafute mtu amesoma.' Wakapatia mkata miwa mmoja, anasomanga kwa kugugumiza, eti kwa sababu tu miwani yake ni nene."

"Baba, ile ya zamani ilikuwa inakuzeesha."

"Nilikuambia nataka kuwa kijana?"

Alikuwa karibu kulia, na kicheko kikanikauka.

"Rudisha unene," akasema. "Utoe ukali peke yake."

Unene ukishasagwa haurudi, kwa hiyo niliagiza lenzi mpya. Nikaondoa ukali tu, nikaziacha kingo na unene wake wote, bila kuzing'arisha, nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Iliniuma sana. Nikamsihi asimwambie mtu zimetoka duka gani.

Mazishi yaliyofuata nilihudhuria. Baba akainuka, akavua miwani, akaishika juu. Turubai zima likanyamaza, hata wapishi wakaacha kugonganisha sufuria. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Huyo mzee amesoma mpaka macho yakaisha."

Nikamwinamia, nikamwambia lenzi hizo nilizisaga mimi.