Dawa ya Mignonne

"Mignonne alikanyaga dawa ya uchawi ya bachimbaji kule mugodini Mutoshi," jirani yetu Mama Adèle alitangaza bombani. "Muguu moja inavimba, ingine hapana. Munaona?"

Batu wakacheka. Mi nikainamia ndoo yangu. Dawa yenyewe naijua; ni mimi nilimupa.

Mignonne anauza mikate ya mafuta. Iko na batoto watano, na tansio, ile ya damu kupanda, tangu mimba ya mwisho. Aliona haya kupanga foleni ya vidonge vya kupanga uzazi kwenye zahanati mbele ya bamama wa kanisa, basi nikawa navichukua kwa jina langu, tunagawana. Kila mara muuguzi alipima tansio kwenye mkono wangu, si wake. Alisema mwenye tansio asivimeze, damu inaweza kuganda. Nilisikia, nikaendelea kumugawia.

Jioni ile nilimkuta Mignonne hospitalini, kifua kinambana. Daktari aliuliza anameza dawa gani. Alijibu hakuna, maana bwana yake, asiyejua habari ya vidonge, alikuwa amesimama pale.

"Mama Gradi," akaninong'oneza, "ile karatasi ya vidonge uko nayo? Peleka kwa daktari. Sema ni yangu. Mi mudomo inakatala."