Duara Jeusi la Bi Wiesława

Kwa miaka ishirini na sita Bi Wiesława Sobolak alitazama picha za anga pale taasisini kwetu, nje kidogo ya Olsztyn, na jina lake halikuwahi kuchapishwa popote. Hakuwa mwanasayansi. Kazi yake ilikuwa ya macho. Darubini za mbali zilipiga picha za mbingu, kompyuta ikatafuta mahali galaksi nyekundu ziliposongamana na kufanya kundi, kisha yeye akakagua moja moja: hili kundi kweli, hili takataka. Mimi niliketi meza ya pili na shahada zangu mbili, na nusu ya macho yake sikuwa nayo.

Profesa Ziemowit, mkuu wetu, alimwahidi kwamba safari hii angemweka miongoni mwa waandishi wa makala, kabla mama huyu hajastaafu Agosti. Kesho yake Bi Wiesława alikuja kazini amevaa hereni.

Orodha ya makundi ilitakiwa iondoke saa nane mchana, Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo kwetu hata mwenye kisukari hula maandazi ya jamu. Ikishakwenda, hairudi. Darubini ya Chile ingepima yaliyomo, na yaliyosahauliwa yangebaki yamesahauliwa.

Saa nne asubuhi aliniita bila kugeuka.

"Bogna, njoo. Futa mikono kwanza."

Kwenye kioo cha kompyuta yake palikuwa na duara jeusi. Nyota inayong'aa sana huharibu picha, kwa hiyo tunaiziba kwa duara ili kompyuta isihesabu uchafu wake. Kandokando ya duara hili galaksi nyekundu kumi na moja zilikuwa zimejipanga kama watu waliozunguka sufuria. Kompyuta ilitaka kumi na tano ndipo iite kundi, ikazipita.

Akaliondoa duara. Chini yake palikuwa na doa kubwa la manjano, laini pembeni.

"Msalaba uko wapi?" akauliza.

Nikasogeza uso karibu na kioo. Katika picha hizi kila nyota kubwa hutoa msalaba wa mwanga. Hili halikuwa na msalaba. Lilikuwa galaksi, mama wa kundi zima, na tulikuwa tumemfunika yeye na wanawe.

"Nani aliliziba?" nikauliza.

"Mimi. Majira ya joto yaliyopita. Nilichora bila kuivuta picha karibu."

Nilitazama mlangoni. Nasema ukweli, na aibu yangu naisema pia: "Bi Wiesława, funga hiyo picha. Kundi moja kati ya elfu tatu! Ule andazi lako, unyamaze."

"Nilichora maduara mia nne na kumi na mawili, Bogna. Najuaje kama ni hili tu?"

"Profesa atakufuta jina, mama. Unamjua yule."

Alishika hereni yake kidogo, akainuka kwenda ofisini kwa Profesa, nami nikamfuata.

Profesa alikuwa na sukari kwenye masharubu. Alisikiliza wekundu ukimpanda kutoka shingoni.

"Leo? Miezi minane ulikuwa wapi, Bi Wiesława? Unanifanyia hivi leo?"

"Leo ndiyo nimeliona, Profesa."

"Wenzetu wa Chile watauliza. Nitalazimika kuandika kosa ni la nani, na aliyekosea siwezi kumweka juu pamoja na waandishi. Hilo unalielewa?"

"Naelewa. Nipe hadi saa nane."

Tukagawana maduara. Fungua, vuta karibu, tafuta msalaba, funga. Upo. Upo. Upo. Hakuna aliyekunywa hata chai. Saa sita na nusu akasema "hapa," kwa sauti ndogo: la pili. Jasho lilinitoka nami nimekaa tu. Profesa alisimama nyuma yetu akipumua kama farasi, na kila dakika akitaja saa, hadi nikamwambia, "Profesa, kama huna kazi kaa chini!" Akakaa.

Saa nane kasoro dakika tisa, yamebaki maduara ishirini, Bi Wiesława akapata la tatu. Akataja namba, nami nikaiandika. Orodha ikaondoka dakika mbili kabla ya wakati. Maandazi yalikuwa yamekauka.

Makala ilitoka Oktoba. Nilimpelekea nyumbani kwake, nikamkuta akitia uyoga kwenye mitungi ya siki. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye waandishi, kumi na mmoja. Hakuwemo. Akafunua kurasa hadi ule wa tisa, penye maandishi madogo: makundi matatu yalikosekana mwanzoni kwa sababu ya maduara yaliyochorwa vibaya na W. Sobolak. Ni nani aliyeyagundua, hakuna aliyeandika.

Nilimtukana Profesa pale jikoni matusi ambayo mama yangu hakunifundisha.

"Si uongo," akasema. "Nilichora vibaya."

Kisha akatafuta kwenye jedwali, taratibu, hadi akaliona lile la kwanza. Darubini ya Chile ilikuwa imelipima: galaksi tisini na nne. Aliweka kidole kwenye namba ile, akakiacha hapo muda mrefu.

"Yumo," akasema. "Na wanawe wote."

Nilishindwa kumtazama. Kwenye ukurasa wa kwanza jina langu lilikuwa la saba.