Dahlia ya Mama na Jina Chini ya Leso

Nikikutana na mtu wa kijijini kwetu Ronge, mpaka leo naangalia kwanza viatu vyangu, maana najua anachokumbuka, na afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hajawafikia na chumvi yake.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi likizo na suruali ya bugaluu na tabia ya kuuliza "kwa nini" kwa kila jambo (hata sala ya chakula niliitakia ushahidi). Mama alikuwa na dahlia nyekundu ya kukolea, karibu nyeusi, ua lake kubwa kama sahani. Zile alizopanda kando ya njia ya kuingilia nyumbani, fuko walikuwa wamekula viazi vyake vyote vya mizizini, ikabaki hii moja tu iliyokuwa kwenye chombo, na jirani yetu Mama Wakesho alikuwa ameomba kipande cha kiazi chake miaka mitatu bila kupewa.

Jumapili ya mavuno Mama akakubali ikapambe madhabahu, kisha irudi nyumbani. Akakizungushia chombo leso yake nzuri.

"Iweke pale mbele, na leso usiitoe."

"Kwa nini?"

"Righa, beba maua."

Kufika kanisani nikaona madhabahuni kuna giza, na mmea unahitaji jua, hauhitaji heshima, basi nikaiweka kwenye meza ya dirishani, katikati ya ndizi, maboga na miwa. Wenye akili mmeshaelewa. Vile vyote vilikuwa sadaka za kupigwa mnada, nami nilikuwa nje nikibishana na wenzangu kama Mungu anakula maboga, na niliporudi ndani dahlia ilikuwa imeshauzwa, iko mikononi mwa Mama Wakesho, naye anatabasamu kama bibi harusi. Mama alikuwa kwenye kwaya, amenikazia macho. Hangeweza kusema neno, kwani nani atasimama mbele ya kanisa zima adai alichompa Mungu?

Basi nikasimama mimi. (Hapo ndipo ningepaswa kukaa.)

"Mzee Mwadime," nikamwambia mzee wa kanisa aliyekuwa akiendesha mnada, "hii si sadaka."

"Ilikuwa mezani na sadaka, kijana."

"Kila sadaka hapa ina karatasi yenye jina la mtoaji. Ya hii iko wapi? Tusiamini tu, tuchunguze."

"Righa, keti," Mama akasema, taratibu kabisa.

Nikavuta leso.

Chini yake kulikuwa na poti nyeupe, ile ya mtoto kukalia, imetobolewa na kutu (Mama alisema baadaye hakuna chombo kinachotoa maji vizuri kama hicho), na ubavuni, kwa rangi nyekundu na mwandiko wa marehemu baba, aliyechoka kuwaona binamu zangu wakiigombania, kumeandikwa RIGHA.

Mzee Mwadime akavaa miwani, akainama, akasoma polepole. "Jina lipo," akasema. "Mtoaji amethibitishwa."

Watu walicheka mpaka ngoma ya kwaya ikaanguka. Mama Wakesho akaing'oa dahlia na udongo wake, akaifunga kwa jani la mgomba, akanirudishia poti kwa mikono miwili.

"Ua nachukua mimi, mwanangu. Hii nyingine ni mali ya ukoo."

Nikapanda nayo mlima mzima, kila ninayempita ananiuliza habari za masomo, na Mama yuko mbele, leso yake begani. Kicheko ningekivumilia, ila nilijua nimempotezea dahlia yake ya mwisho.

Lakini msimu uliofuata Mama Wakesho alipochimba viazi akavigawa, akamletea Mama kimoja chenye jicho zuri la kuchipua, na tangu hapo wawili hao hushinda wakibishana kuhusu mbolea. Mama akakipanda katika chombo kilekile, akakiweka mlangoni, jina likitazama njia. Sikuuliza kwa nini.

Bado natilia shaka kila kitu, ila nimeapa: ushahidi aliofunga mama yangu kwa leso, sitaufungua tena mbele za watu.